Chris Cornell Bila Soundgarden: Nani Alimjibu?

Mwaka 1992 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Singles, inayohusu vijana wa Seattle na mapenzi yao. Ndani yake yumo Cliff Poncier, mwimbaji wa roki ambaye bendi inamvunjikia mikononi, mpenzi naye anaondoka, na kinachobaki ni kusimama pembeni mwa barabara akipiga gitaa na kuuza kaseti yake ya solo. Kaseti yenyewe ilikuwa kifaa cha filamu tu. Jeff Ament, mpiga besi wa Pearl Jam, alibuni jalada lake na kuandika majina ya nyimbo ambazo hazikuwepo. Chris Cornell, mwimbaji wa bendi ya roki ya Soundgarden, akayaona majina hayo, akaenda nayo, akazitunga nyimbo zenyewe na kuzirekodi.

Fuatilia sasa nyimbo hizo zilikoishia. "Spoonman" ulichukuliwa na Soundgarden, na mwaka 1994 ukawa miongoni mwa nyimbo zao zinazojulikana zaidi. "Seasons" uliingia kwenye albamu ya nyimbo za filamu ile, ukiwa na jina la Cornell peke yake. "Flutter Girl" ulisubiri miaka saba, ukaibuka ukiwa wimbo wa pili kwenye Euphoria Morning, albamu ya kwanza aliyoitoa nje ya bendi, Septemba 1999. Yaani kazi yake ya solo ilianza angali ndani ya bendi, tena kwa kuvaa ngozi ya mwimbaji wa kubuni ambaye bendi yake imeshakufa.

Naipenda sana Euphoria Morning. Nimeirudia kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoirudia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba albamu za aina hii tunazipima kwa mizani isiyo yake. Mwimbaji wa roki nzito akitoka peke yake, swali la kwanza la mashabiki huwa: je, inapiga kama bendi? Ikiwa nyepesi, wanasema amelegea. Ikiwa nzito, wanauliza kwa nini basi aliondoka. Kwa mizani hiyo hana pa kuponea. Mimi swali langu ni jingine: mtu huyu akiimba, nani anamjibu?

Nieleze ninachomaanisha, kwa kuanzia na bendi yenyewe. Gitaa la umeme likipitishwa kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka mlio ukaanza kukwaruza, mlio huo hutanuka na kujaza eneo lote la katikati, na hapo katikati ndipo sauti ya binadamu inapokaa siku zote. Mwimbaji aliyesimama mbele ya mlio wa namna hiyo ama amezwe, ama apande juu ambako gitaa halijajaa. Robert Plant wa Led Zeppelin alipanda, Ian Gillan wa Deep Purple akapanda, Rob Halford wa Judas Priest akapanda zaidi. Watu hudhani kupaza kule ni mbwembwe za jukwaani. Kwa sehemu kubwa ni njia ya kusikika.

Cornell alikuwa na koo la kazi hiyo kuliko karibu mtu yeyote wa kizazi chake. Soundgarden ilipoanza Seattle mwaka 1984 alikuwa akipiga dramu na kuimba kwa wakati mmoja, na nadhani ndiyo sababu hata baadaye, alipoacha vijiti na kushika maikrofoni tu, hakuwahi kupotea ndani ya midundo yao migumu. "Spoonman" unakwenda kwa mapigo saba pale ambapo sikio linategemea manne. Kim Thayil alikuwa na gitaa ambalo nyuzi zake zimelegezwa mpaka linanguruma, Ben Shepherd kwenye besi, Matt Cameron kwenye dramu akikata mapigo mahali usipotarajia. Katika mazingira hayo mwimbaji hajibiwi kwa upole. Anapingwa. Kila mstari anaoutoa unakutana na kitu kizito kinachosukuma kuja upande wake, naye anasukuma kurudi, na utamu wa Superunknown, albamu ya 1994 iliyofika namba moja Marekani, ni msukumano huo.

Lakini yapo mambo ambayo hayawezi kusemwa katikati ya msukumano. Msiba ni mojawapo.

Machi 1990 Andrew Wood, mwimbaji wa Mother Love Bone, alifariki kwa heroini akiwa na umri wa miaka 24. Yeye na Cornell waliwahi kuishi nyumba moja. Cornell alitunga nyimbo mbili za kumlilia, "Say Hello 2 Heaven" na "Reach Down", akaona hazina mahali ndani ya Soundgarden. Hakuwapelekea wenzake wa bendi. Aliwapelekea Ament na Stone Gossard, waliokuwa bendi moja na marehemu. Wafiwa wakakaa na mfiwa mwenzao. Likazaliwa kundi la Temple of the Dog na albamu yake moja ya mwaka 1991, ambamo kijana mgeni Seattle aitwaye Eddie Vedder anasikika akiimba na Cornell kwenye "Hunger Strike", mmoja akiwa chini na mwingine juu. Kila niusikiapo wimbo ule nahisi kwamba Cornell alijifunza hapo jambo ambalo angelihitaji baadaye: kwamba ukipata mtu wa kukujibu, huhitaji kupaza.

Miaka saba baada ya Wood mambo yalijirudia kwa sura mbaya zaidi. Aprili 1997 Soundgarden ilivunjika. Mwishoni mwa Mei Jeff Buckley, mwimbaji ambaye Cornell alikuwa rafiki yake, alizama mtoni Memphis akiwa na miaka 30. Ndani ya wiki chache Cornell alipoteza bendi aliyokaa nayo tangu ujana na rafiki ambaye huenda ndiye mtu pekee wa rika lake aliyeweza kwenda naye sambamba kwa sauti. Albamu iliyotoka baada ya hapo usingetegemea iwe ya kurukaruka.

Watu aliowapata safari hii walikuwa wawili, Alain Johannes na Natasha Shneider, mume na mke wenye bendi yao iitwayo Eleven. Johannes mpiga gitaa, Shneider mpiga kinanda mzaliwa wa Riga, enzi hizo Riga ikiwa ndani ya Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1997 walikuwa wamesharekodi pamoja na Cornell "Ave Maria" kwa ajili ya albamu ya hisani ya Krismasi, na ukiusikiliza unajua kwa nini hakutafuta wengine. Euphoria Morning ilitengenezwa kwenye studio ya nyumbani kwao Los Angeles, watatu hao wakiitayarisha pamoja.

Nyumbani kwa watu si studio ya kampuni, na tofauti hiyo inasikika. Magitaa yamepungua unene. Kinanda kimeingia. Kuna sauti za kuitikia zinazopita nyuma kama mtu anayetembea chumba cha pili. Eneo la katikati, lile ambalo kwa miaka kumi na tatu lilikuwa mali ya Thayil, sasa liko wazi, na Cornell anashuka kulikalia. Kwa mara ya kwanza kwa albamu nzima tunamsikia akiimba pale sauti yake inapozungumzia, na inageuka kuwa hapo chini pana mengi: mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa neno, pumzi inayokatika kabla ya silabi ya mwisho, noti inayoanza chini kidogo ya mahali pake kisha inapandishwa taratibu. Vitu hivi magitaa ya Soundgarden yangeviosha vyote.

Wimbo wa tano, "When I'm Down", ndio ninaoupa nafasi ya kwanza. Ni piano ya kibluzi, ya polepole, na mwanamume anayekiri kwamba humpenda mtu wake pale tu anapokuwa amedidimia. Ungamo la namna hiyo si zuri, wala yeye halipambi. Anaanza karibu kama anaongea. Piano ya Shneider haimpi zulia la kukanyagia. Inasubiri amalize mstari, kisha inatia maneno yake mawili matatu, mengine yakiwa ya kumfariji, mengine kama ya kumsuta. Akipanda, nayo inajaza mkono wa kushoto. Akishuka, inamwacha. Kufika theluthi ya mwisho anapiga ukelele ule ule wa enzi za Soundgarden, lakini sasa unajua ukelele umetoka wapi, kwa sababu umemfuata mtu huyu ngazi kwa ngazi tangu alipokuwa anaongea. Kule kwenye bendi mara nyingi alianzia ghorofani.

Shneider alifariki kwa saratani mwaka 2008. Miaka iliyofuata, Cornell alipozunguka peke yake na magitaa yake ya kawaida, alikuwa akiwekewa jukwaani mashine ya santuri. Juu yake kulikuwa na santuri yenye piano ya Shneider peke yake kutoka rekodi ya 1999, bila kitu kingine. Anashusha sindano, piano inaanza, naye anauimba "When I'm Down" papo hapo mbele ya watu. Angeweza kumtafuta mpiga piano mwingine, Marekani wamejaa. Hakutaka. Jibu la wimbo ule lilikuwa la mtu mmoja, na kwa kuwa mtu huyo hayupo, basi ipigwe sauti yake aliyoiacha. Katika yote niliyoyasoma na kuyaona kuhusu mwimbaji huyu, hakuna linalonieleza zaidi alivyouelewa muziki wake mwenyewe.

"Wave Goodbye" ndio wimbo wa Buckley. Cornell haimbi habari za Buckley tu, anaimba kwa mwendo wa Buckley, akizungusha silabi moja juu ya noti kadhaa, akiteleza kwenda kwenye ile sauti nyembamba ya juu ambayo marehemu alikuwa bingwa wake. Kuna wanaosema anaiga. Mimi nasikia mtu anayempa marehemu zamu yake ya kuimba. Na "Preaching the End of the World", wa tatu kwenye albamu, ni kijana wa miaka 24 anayetafuta mwenzi wa kukaa naye wakati dunia inapoisha, na namna anavyojitambulisha ni kama anatoa tangazo gazetini. Ni wimbo wa upweke usio na hata chembe ya kujionea huruma. Nyimbo za mwisho mwisho wa albamu hazikamati sawasawa, "Pillow of Your Bones" ikiwemo, na nadhani ingekuwa fupi kwa nyimbo mbili ingekuwa na nguvu zaidi. Hilo nalisema kwa mapenzi.

Sokoni haikutikisa. Ilifika namba 18 kwenye chati ya Billboard, "Can't Change Me" ukapata uteuzi wa Grammy, Cornell akaizungusha jukwaani pamoja na Johannes na Shneider hadi mwanzoni mwa 2000, basi. Ukilinganisha na Superunknown, iliyouza mamilioni, wahasibu wangeiita hasara. Mwaka 2001 akaungana na wapigaji watatu wa bendi ya Rage Against the Machine wakaunda Audioslave, magitaa yakarudi, umati ukarudi, na albamu ile ikabaki mikononi mwa wachache. Hao wachache hawajaiachia mpaka leo.

Swali langu la nani anamjibu mwimbaji halimhusu Cornell tu. Lipeleke kwa Ozzy Osbourne. Alifukuzwa kwenye bendi yake ya Black Sabbath mwaka 1979, na wengi walimhesabu kuwa amekwisha. Mwaka uliofuata akatoa Blizzard of Ozz. Jalada lina sura ya Ozzy, lakini kilichomfufua ni gitaa la Randy Rhoads, kijana aliyetoka Quiet Riot, aliyekuwa na mafunzo ya gitaa la klasiki na aliyempigia Ozzy kwa namna inayomzunguka na kumtangulia, na maneno mengi yaliandikwa na mpiga besi Bob Daisley. Rhoads alikufa kwa ajali ya ndege Machi 1982, na kila mpiga gitaa aliyefuata kwa Ozzy alipimwa kwake. "Solo" hapo ni neno la kwenye karatasi tu.

Au lipeleke kwa Bruce Dickinson, mwimbaji wa Iron Maiden. Albamu yake ya kwanza ya nje, Tattooed Millionaire ya 1990, ni ya kuchangamka na haina madhara. Iron Maiden walikuwa bado nyumbani kwake. Alipoondoka Maiden mwaka 1993 alihangaika huku na kule, akajaribu mwelekeo mpya kabisa na Skunkworks mwaka 1996, lakini aliposhikamana na mpiga gitaa na mtayarishaji Roy Z ndipo ikaja The Chemical Wedding ya 1998, yenye mawazo ya mshairi na mchoraji William Blake, na hiyo naithubutisha mbele ya albamu nyingi za Maiden wenyewe. Mwaka uliofuata alirudi kwenye bendi. Roy Z hakumwacha, wala yeye hakumwacha Roy Z: mwaka 2024 wametoa The Mandrake Project, zaidi ya robo karne baadaye.

Plant ndiye aliyelijibu swali kwa uzuri kuliko wote. Baada ya mpiga dramu John Bonham kufariki mwaka 1980 na Led Zeppelin kuvunjwa, alikaa miaka kadhaa akikataa kuimba nyimbo za Zeppelin kwenye ziara zake, na watu wakamlaumu. Mwaka 2007 akatoa Raising Sand pamoja na Alison Krauss, mwimbaji wa bluegrass, muziki wa kijadi wa Marekani. Mwanamume aliyewafundisha wengine kupaza anaimba hapo karibu kwa mnong'ono, kwa sababu pembeni yake kuna sauti ambayo kuipazia ni kuivunjia heshima. Ilishinda Grammy ya albamu ya mwaka. Wanaomdai arudishe Zeppelin mpaka leo sijui waliisikiliza kwa masikio gani.

Bendi ya KISS nayo mwaka 1978 ilijaribu kulifanya hili kama biashara: wanachama wanne, albamu nne za solo, zote siku moja, 18 Septemba. Kilichouza wimbo uliovuma kuliko yote hakikuwa koo la waimbaji wakuu wawili bali Ace Frehley, mpiga gitaa, na "New York Groove". Nitaliachia hapo.

Sasa nirudi kwa Cornell, maana kuna albamu inayotumiwa kila mara kunipinga. Machi 2009 alitoa Scream, iliyotayarishwa na Timbaland, bingwa wa R&B na hiphop. Mashabiki wa roki waliivaa kama nyuki. Trent Reznor wa Nine Inch Nails aliidhihaki hadharani. Wakati huo huo ilianza kwenye namba 10 ya chati, juu zaidi ya Euphoria Morning. Wanaoichukia husema kosa ni kwamba mwimbaji wa roki ameingia kwenye midundo ya kompyuta. Sikubaliani kabisa. Midundo ile ni mizuri, nyimbo zimeunganishwa moja kwa nyingine kwa ustadi, na sauti yake haina tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna anayemsikiliza. Mdundo umeshaamua utakwenda wapi kabla hajafungua mdomo. Akipanda haupandi naye, akikatika hausiti. Anaimba juu yake, vizuri tu, na hakuna kinachorudi. Ukiisikiliza mara baada ya "When I'm Down" utaona ninachokisema bila mimi kuendelea kukieleza. Ni sauti ile ile, miaka kumi baadaye, ikiwa haina mtu wa kuongea naye.

Ndiyo maana nafurahi kwamba habari haikuishia hapo. Mwaka 2010 Soundgarden waliungana tena, wakatoa King Animal mwaka 2012, na Cornell akawa anaishi pande zote mbili: magitaa ya Thayil msimu huu, msimu ujao yeye na gitaa lake kwenye kumbi za viti. Ziara hizo za peke yake zilizaa Songbook ya 2011, na mwaka 2015 Higher Truth, ambayo Brendan O'Brien aliitayarisha akiwa na busara ya kutoweka kitu pale ambapo hakihitajiki. Anayemjibu humo, mara nyingi, ni gitaa lake mwenyewe. Alikuwa ameshajifunza. Wimbo wa kwanza, "Nearly Forgot My Broken Heart", una mandolini inayokimbia mbele yake naye anaifuata kwa raha ambayo haipo popote kwenye Euphoria Morning.

Alifariki Mei 2017 Detroit, usiku ule ule aliotoka jukwaani na Soundgarden.

Kwa ambaye hajawahi kumsikia nje ya bendi, ushauri wangu usianze na Euphoria Morning kuanzia mwanzo. Anza na "Seasons" ya 1992, gitaa na sauti tu. Halafu "Flutter Girl" kama ilivyokuwa kwenye kaseti ya Cliff Poncier, ambayo sasa inapatikana kwenye toleo jipya la nyimbo za filamu ile, kisha "Flutter Girl" ya 1999, ukizingatia kinanda kilivyobadilisha wimbo. Baada ya hapo nenda wimbo wa tano, mara mbili: safari ya kwanza mfuate yeye, safari ya pili mwache yeye aimbe, wewe ufuate piano.